Bendera Iliyotoka Kabla ya Wakati

Makokha alianguka katika raundi ya tatu, akainuka kabla refa hajamaliza kuhesabu, na watu wa Mbale waliojaa ukumbini wakampigia makofi kwa sababu alikuwa akitabasamu. Koplo Yekosofati Wamono, aliyemwangusha, alimwona kwa karibu zaidi. Tabasamu lile lilikuwa la upande mmoja tu wa mdomo.

"Maliza," kocha wake alisema kutoka konani. Hakupaza sauti. "Wamono, maliza."

Mikono ya Makokha ilikuwa imeshuka hadi kifuani. Yekosofati alingoja refa aingie kati. Refa hakuingia. Basi akapiga mara moja kwa mkono wa kulia, ngumi ileile aliyoizoea kwenye gunia la mchanga, na pambano likaisha.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, mwaka wa tisini na saba, na kesho yake Michezo ya Askari Magereza ya Afrika Mashariki ilikuwa inafungwa. Uganda ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Mbio na mpira vilichezwa Jinja, ndondi zikapelekwa Mbale. Kwa Yekosofati, mzaliwa wa Busiu, hiyo ilikuwa sawa na kupigana uani kwao. Nusu ya ukumbi walimjua mama yake.

Makokha naye alikuwa askari jela kutoka Bungoma, upande wa pili wa mlima. Juma zima timu zilikuwa zimelala katika shule moja, na siku ya kwanza tu wawili hao waligundua kwamba kila mmoja akisema lugha ya nyumbani kwao, mwenzake anaelewa. Halafu wakagundua kwamba walitahiriwa msimu mmoja, kila mtu upande wake wa mpaka. Tangu hapo Makokha hakumwita tena kwa jina. Alimwita rika. Dada yake Yekosofati alipoleta malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, walikula sahani moja, na Makokha akasema mke wake Phanice anayapika vizuri zaidi, kisha akaomba yaliyobaki.

Baada ya pambano Yekosofati alimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Makokha alikuwa ameketi kwenye benchi, taulo mabegani.

"Rika, mkono wako mzito," alisema. Halafu akageuza uso kuelekea dirishani. "Nani amezima taa?"

Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha hilo mpaka kwenye magoti yake.

Kisha akatapika, akalala ubavu pale sakafuni, na wenzake wakambeba kumpeleka nje. Kulikuwa na ambulensi iliyoletwa kutoka Kampala maalumu kwa michezo, nyeupe, ya kisasa, yenye kitanda na mitungi ya hewa. Yekosofati aliiona ikiondoka kwenda hospitalini. Alibaki amesimama na medali shingoni, na watu wakaja kumshika mkono.

Asubuhi Afande Adrisi, mkuu wa timu ya Uganda, alipanda basi kabla halijaondoka kwenda Jinja.

"Makokha yuko vipi, Afande?" Yekosofati aliuliza.

"Ana malaria kidogo, na uchovu. Amepumzishwa." Afande alikuwa akitazama kofia yake mkononi. "Wewe ndiye utakayebeba bendera leo. Watu wanataka kukuona."

Walipofika karibu na Tirinyi, ile ambulensi ililipita basi lao kwa kasi, ikielekea Jinja. Yekosofati alishusha pumzi. Kama gari limeachiliwa kuondoka Mbale, alijiambia, basi mtu wake hana neno. Alijiambia hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara akakumbuka jua lililokuwa magotini pa Makokha.

Uwanjani Jinja walifanya mazoezi ya gwaride. Timu zingeingia kwa geti kubwa, Kenya mbele, Tanzania ikifuata, wenyeji mwisho. Zingezunguka uwanja, zisimame mbele ya jukwaa la mgeni rasmi. Zingefuata hotuba na vikombe, kisha bendera ya michezo ingeshushwa na kukabidhiwa Kenya, ambao ndio wangekuwa wenyeji wa mara ijayo. Mwisho timu zingetoka kwa geti la magharibi, bendera ya Uganda ikitangulia. Geti hilo lilifungwa kwa mnyororo. Polisi waliolilinda walipewa amri moja tu mbele ya kila mtu: lisifunguliwe kwa yeyote, mpaka bendera ya wenyeji ifike pale ikiongoza timu. Mgeni rasmi alikuwa waziri, na watu wa usalama hawakutaka mchezo.

Mazoezi yalipokwisha, Yekosofati alikwenda kunywa maji karibu na uzio. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Afande, samahani," alisema. "Natafuta bwana yangu. Ni wa timu ya Kenya, anaitwa Makokha. Nimetoka Bungoma alfajiri nije nimwone akifunga michezo. Wenzake nawauliza, kila mmoja ananiambia ngoja kidogo. Huyu anasema ngoja, yule anasema ngoja. Kuna nini?"

Yekosofati alishika kikombe cha maji bila kunywa.

"Wewe ni Phanice," alisema.

"Unamjua?"

"Tulikula pamoja." Akasogea karibu na uzio. "Shemeji, Makokha yuko hospitali Mbale. Aliumia jana kwenye ngumi."

Phanice hakulia. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata mbele kwa mikono miwili. "Aliumia vipi?"

"Kichwa. Sijui zaidi. Subiri hapa, nikuulizie."

Hakusema kwamba mkono uliomuumiza ndio ulioshika kile kikombe. Aligeuka akaenda haraka kuelekea geti la magharibi, ambako ambulensi ilikuwa imeegeshwa kivulini, pua yake ikitazama mnyororo.

Dereva, Dauda, alikuwa ameketi mlango wazi, kichwa ameinamia redio ya mawasiliano.

"Hii redio imeniita sasa mara mbili," alisema kabla hajaulizwa. "Mbale wanasema yule Mukenya amelala, haamki. Jicho moja limekuwa kubwa kushinda lingine. Dokta anasema damu imeingia kwa kichwa, lazima apasuliwe Kampala leo. Amemutia kwa Landrova ya misheni, wako njiani."

"Kwa nini Landrova?"

"Ambulensi ya hospitali ilipanda mlimani kuchukua mama wa kuzaa. Na mimi nilikuwa nimeitwa huku." Dauda alijipangusa uso kwa kiganja. "Wanasema niende tukutane Iganga. Mtungi yao ya hewa ni kidogo, ikifika Iganga imeisha. Mimi niko na mitungi hapa, inakaa tu."

"Sasa mbona hujaondoka?"

"Afande alisema gari haisogei mpaka mugeni aondoke. Na hata nikitaka, angalia." Alinyoosha kidevu kuelekea getini. "Wale vijana wako na bunduki."

Yekosofati alimkuta Afande Adrisi nyuma ya jukwaa, akitembea mbele na nyuma. Adrisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Arua aliyetumikia serikali nyingi na kuzishinda zote kwa kutofanya jambo lolote ambalo hakuamriwa.

"Afande, nimesikia habari za Makokha."

"Rudi kwenye mstari, Koplo."

"Anakufa, Afande. Gari liko pale na dereva yuko ndani."

"Mgeni yuko njiani. Akianguka kwa jukwaa na gari liko Iganga, nani atajibu? Wewe?" Afande alisogea karibu, akapunguza sauti. "Kamati imesema gari linabaki mpaka mgeni aondoke. Nimewauliza. Nimerudi nikawauliza tena. Usifikiri mimi sikuuliza."

"Na Wakenya wanajua?"

"Wakubwa wao wanajua. Hakuna anayetaka sherehe iharibike." Aliangalia pembeni. "Rudi kwenye mstari. Hiyo ni amri."

Yekosofati alipiga saluti. Alirudi kwa njia ya uzio, akamchukua Phanice kwa mkono, akampitisha nyuma ya viti vya watu mpaka kwenye ambulensi, akamfungulia mlango wa nyuma.

"Ingia, shemeji. Kaa chini, usionekane dirishani."

"Gari linaenda kwake?"

"Litaenda."

Halafu akazunguka upande wa dereva. "Bendi ikianza kupiga, washa injini. Geti likifunguka usimwangalie mtu yeyote. Nenda."

"Nani atafungua?" Dauda aliuliza.

Ving'ora vilikuwa vimeanza kusikika barabarani.

Mgeni rasmi aliingia, watu wakasimama, bendi ikaanza. Kenya wakatangulia. Bendera yao ilibebwa na Ojwang, nahodha wao, mtu mrefu mwenye miguu ya mrukaji, na uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtu anayekwenda mazishini. Tanzania wakafuata. Kisha jina la Uganda likatajwa kwenye kipaza sauti, na uwanja mzima ukanguruma.

Yekosofati aliinua mlingoti. Nyuma yake alikuwa Sajini Betty Amongin, nahodha wa netiboli, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa amri za gwaride. Nyuma ya Betty, timu nzima kwa mistari minne.

Waliingia. Bendera ilikuwa nzito kuliko ilivyokuwa asubuhi, maana upepo wa ziwa ulikuwa umeamka na kuivuta. Mbele yake Watanzania walifuata kona ya uwanja, wakaenda zao kuelekea jukwaani. Kwenye kona hiyo, mkono wa kulia, palikuwa na kijia cha changarawe kinachoishia geti la magharibi. Aliuona mnyororo. Aliona moshi mdogo nyuma ya ambulensi.

Alipofika kwenye kona aligeuka kulia.

"Wamono," Betty alisema nyuma yake, meno yamefungwa. "Unatupeleka wapi?"

"Nifuate tu, Sajini."

"Hii si njia."

"Najua."

Alisikia hatua za timu zikianza kupotea, wengine wakipunguza, wengine wakikanyaga visigino vya waliotangulia. Kama wangesimama sasa, angebaki peke yake kwenye changarawe na bendera, na polisi wangemcheka. Hakuthubutu kutazama nyuma. Betty alikuwa amekaa basi moja naye, alikuwa amesikia swali lake na jibu la Afande, na sasa bila shaka alikuwa anaitazama ile ambulensi inayonguruma mbele ya geti lililofungwa.

Kisha sauti yake ikapasuka, kavu, sauti ya amri. "Timu, kulia, geuka. Hatua ileile."

Miguu ikarudi pamoja.

Bendi haikujua ifanye nini, ikaendelea kupiga. Getini kijana mmoja wa polisi alitoka mbele, bunduki kifuani.

"Mbona mapema?" aliuliza. "Bado hotuba."

"Bendera imefika," Yekosofati alisema. "Na timu iko nyuma yake. Amri yako ilisemaje?"

Kijana akatazama bendera. Akatazama mistari minne iliyokuwa ikimjia bila kupunguza mwendo, Betty akiitangulia. Akatazama mbali kule jukwaani, ambako watu walikuwa wadogo na hakuna aliyempa ishara yoyote. Mwenzake alikuwa tayari ameshika ufunguo lakini hakuutia kwenye kufuli. Yekosofati alihesabu pumzi zake mwenyewe.

"Fungua," kijana alisema hatimaye, akakakamaa na kupiga saluti.

Mnyororo ulianguka. Yekosofati alipita, akajitenga pembeni mwa barabara, na Betty akawagawa watu, nusu kushoto na nusu kulia. Ambulensi ikapita katikati yao. Dauda alikuwa ameukumbatia usukani, haangalii mtu yeyote. Kwenye kioo cha nyuma uso wa Phanice ulionekana kidogo, ukitazama mbele. Gari liliingia barabara ya Iganga, na king'ora hakikuwashwa mpaka lilipopotea machoni.

"Sasa tufanye nini?" Betty aliuliza.

"Turudi, tumalize."

Waligeuka wakaingia tena kwa geti lilelile. Mtangazaji, aliyekuwa amekaa kimya muda mrefu kuliko mtangazaji anavyoruhusiwa, alijikohoza na kusema kwamba wenyeji wamekwenda kuwasalimu wananchi waliokosa nafasi ndani. Watu wakapiga makofi. Waziri naye akapiga makofi. Yekosofati alifika mbele ya jukwaa, akainamisha bendera, akaiinua, akasimama mahali pake.

Sherehe ilikuwa ndefu. Zilisomwa hotuba za ujirani mwema. Vikombe vilitolewa, na kila jina lililoitwa alilisikia kama linatoka mbali. Afande Adrisi alikuwa amesimama kando ya jukwaa, hajamtazama hata mara moja. Wakati mmoja alimwona akitoka kwenda nyuma, kwenye gari lenye redio, na hakurudi upesi. Yekosofati alijaribu kukadiria barabara: miwa ya Kakira, kisha vilima, kisha Iganga. Kama Landrova ilipata pancha. Kama Dauda alikutana na lori lililoziba njia. Aliyatazama mawingu juu ya ziwa ili asiyafikirie macho mawili yasiyolingana.

Kwenye vifundo vya mkono wake wa kulia ngozi ilikuwa imechubuka kutoka jana. Hakuutazama.

Bendera ya michezo ikashushwa polepole wakati bendi ikipiga. Ojwang alitoka mstarini kuipokea kwa niaba ya Kenya. Alipokuwa anarudi nayo imekunjwa mikononi alipita mbele ya Yekosofati, akapunguza hatua, jambo ambalo gwaride haliruhusu.

"Makokha alivuka?" aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Gari limevuka geti. Zaidi sijui."

Ojwang akaitikia kwa kope, akaenda zake.

Ngoma za Kisoga zikaingia, watu wakashuka uwanjani kucheza, na mgeni rasmi akaondoka akiwa mzima. Hapo ndipo Afande Adrisi alipokuja. Alisimama mbele ya Yekosofati, akapokea mlingoti, akaukabidhi kwa Betty.

"Walikutana Iganga," alisema. "Mtungi wao ulikuwa umekwisha walipoingia mjini. Amebadilishiwa, bado anapumua. Sasa wako juu ya daraja la hapa Jinja, wanakwenda Kampala."

Yekosofati alipiga saluti.

"Hiyo ni habari," Afande aliendelea. "Sasa amri. Vua mkanda na kofia. Uko chini ya ulinzi."

Alivua. Betty alifungua mdomo, Afande akainua kidole. "Sajini alifuata bendera," alisema. "Ndivyo nitakavyoandika. Usiniharibie."

Walimweka mahabusu kwenye kambi, wakamvua vyeo, na kocha akatuma ujumbe kwamba jina lake limeondolewa kwenye timu. Kwa hilo la mwisho hakuwa na la kusema. Alikuwa amekwisha kuacha ndondi yeye mwenyewe, tangu pale uwanjani.

Alipotoka, alikwenda Kampala siku hiyohiyo. Alimkuta Phanice kwenye veranda ya wodi, anafua nguo za mtoto kwenye karai. Alisimama mbali kidogo.

"Shemeji," alisema. "Siku ile sikukwambia yote. Mtu aliyempiga ni mimi."

Phanice alikamua kitambaa, akakikung'uta. "Najua. Dauda aliniambia hatujafika Iganga."

"Na hukunilaani?"

"Nilikuwa na kichwa cha mtu cha kushika. Sikuwa na nafasi ya wewe."

"Na sasa?"

Alifikiri. Hakuonekana kuwa na haraka ya kumhurumia wala ya kumfukuza. "Sasa sijui. Amepasuliwa, anaongea, lakini mkono wa kushoto haufungi. Kazi yake ya jela sijui kama watampa tena. Kila nikimlisha nakukumbuka wewe. Halafu nakumbuka lile geti. Sijui nianze na lipi." Alianika kitambaa kwenye ukingo wa veranda. "Ingia. Amekuulizia tangu juzi."

Makokha alikuwa amelala, kichwa kimefungwa bendeji, mwembamba kuliko bondia yeyote wa uzito wake. Alimtambua kabla hajakaribia.

"Rika," alisema polepole, kila silabi akiitafuta. "Walimaliza sherehe?"

"Walimaliza."

"Bendera tulipewa?"

"Mlipewa. Ojwang aliipokea."

"Nilitaka kuona," Makokha alisema, na macho yake yakajaa maji, kwa jambo hilo dogo kati ya yote yaliyompata.

Yekosofati alivuta stuli akaketi upande wa ule mkono usiofunga. Alianza kumsimulia, kwa lugha yao, tangu timu zilivyopangwa nje ya geti kubwa, nani alikuwa mbele na nani nyuma. Alipofika kwenye kona alisita. Phanice alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na mtoto, maji yakimdondoka viganjani.

"Endelea," alisema. "Mimi nilikuwa ndani ya gari, sikuona."